Mwana Kupona: tumemsikia mke, hatujamsikia mgonjwa

Jana jioni Forodhani, tukila urojo, tulibishana tena kuhusu Utendi wa Mwana Kupona. Mwenzangu kasema ni somo la mke kunyenyekea, basi. Mimi nasema tunausoma mbiombio.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa, tena mjane. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyempinga Seyyid Said wa huku kwetu, keshafariki. Anamwita bintiye aje na wino na karatasi: mama aseme, mtoto aandike. Wasia wa mdomo hasa. Mali ina sheria yake, fungu la binti limeshapangwa. Alichoweza kumgawia kwa hiari yake ni maneno.

Ndiyo, mafundisho ya kumridhisha mume yamo, na mengine yananikera. Lakini utendi hauishii hapo. Unageuka dua ndefu: mgonjwa anaomba apone, anawaombea watoto na nduguze. Hapo mwalimu ananyamaza, anabaki mama anayeogopa kuwaacha wanawe.

Alifariki yapata 1860. Ukiusoma tena, usikomee kwa mume. Fika kwenye dua.