Mechi 15, njia tatu: ngazi ya SEC na kura ya Baraka

Chukua timu 16 uziingize kwenye mtoano. Utahitaji mechi 15 kumpata bingwa, maana kila mechi inaondoa timu moja na lazima 15 ziondoke. Hesabu hiyo haigeuki, upange ratiba utakavyo. Kinachogeuka ni nani acheze mechi ngapi, na hapo ndipo penye ufundi wa mashindano ya mpira wa kikapu ya wanawake ya SEC, umoja wa vyuo vikuu vya kusini-mashariki mwa Marekani.

Mtoano tuliouzoea huanza na wote siku moja, na bingwa hushinda mara nne. SEC wamejenga ngazi. Timu zilizomaliza ligi katika nafasi ya 9 hadi 16 huanza Jumatano. Za 5 hadi 8 huingia Alhamisi. Nne za juu zinakaa hotelini hadi Ijumaa, siku ya robo fainali, na fainali inachezwa Jumapili. Kwa hiyo aliye juu anatafuta ushindi 3, wa katikati 4, wa chini 5 kwa siku tano mfululizo. Tuseme timu zote zina nguvu sawa kabisa. Hata hivyo timu ya juu ina nafasi 1 kati ya 8 ya kubeba kombe, ya katikati 1 kati ya 16, ya chini 1 kati ya 32. Na hapo uchovu haujaingia kwenye hesabu: mechi ya vyuo ni dakika 40, kwa hiyo timu ya chini itakuwa imetoka jasho la dakika 200 wakati ya juu imecheza 120.

Ngazi hiyo haikujengwa siku moja. Mashindano yalianza 1980, Tennessee ikatwaa kombe la kwanza, miaka miwili kabla NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, hakijaanza kuendesha ubingwa wa kitaifa wa wanawake. Arkansas na South Carolina zilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, timu zikawa 12. Missouri na Texas A&M zikafanya 14 mwaka 2012. Texas na Oklahoma zilipoingia 2024, zikatimia 16. Kila wageni walipobisha hodi, wapangaji walikuwa na njia mbili: kuwachosha wote kwa usawa, au kuwaongezea wa chini kazi na kuwalinda wa juu. Wakachagua ya pili. Mimi nawaunga mkono. Ligi ina mechi 16 kwa kila timu, kuanzia Januari hadi Machi. Kama haikupi chochote mwishoni, kwa nini ujichoshe nayo? Lakini mlango haufungwi, kwa sababu anayeshinda mashindano haya anaingia moja kwa moja katika timu 68 za NCAA, hata kama ligi aliimaliza vibaya.

Kentucky ya 2022 ndiyo iliyoupitia mlango huo. Msimu ukielekea ukingoni ilikuwa imeshinda mechi 9 na kupoteza 11, watu wameshaizika. Ikashinda sita za mwisho za ligi, ikafika mashindanoni Nashville ikiwa ya 7. Ikawatoa Mississippi State, kisha LSU waliokuwa wa 2, kisha Tennessee wa 3. Siku ya nne ikakutana na South Carolina, wa 1, ambao walikuwa na siku moja ya kazi pungufu miguuni. Zikiwa zimebaki sekunde 4.2, Dre'una Edwards akatupa mpira wa pointi tatu ukaingia: 64 kwa 62. Kentucky haikuwa imelibeba kombe hilo tangu 1982.

Kilichofuata ndicho wachambuzi wengi hukiruka. Kentucky ilitolewa na Princeton katika mechi yake ya kwanza ya NCAA. South Carolina, waliofungwa, wakaenda kuwa mabingwa wa taifa kwa kuifunga UConn 64 kwa 49. Ngazi inaweza kupandwa kutoka chini, ila ina gharama, na gharama hiyo hulipwa baadaye.

Kwa nini basi South Carolina ya kocha Dawn Staley imelichukua kombe hili mara 9 kati ya 2015 na 2025, baada ya Tennessee kulichukua mara 17 hadi 2014? Jibu rahisi ni vipaji. Jibu langu ni benchi. Tazama 2024 mjini Greenville. Nusu fainali dhidi ya Tennessee, South Carolina waliongoza kwa pointi 23, wakaziachia zote, wakajikuta nyuma kwa mbili, saa ikionyesha sekunde 1.1. Mpira ukarushwa kwa Kamilla Cardoso, Mbrazili wa urefu wa mita mbili, mtu wa chini ya kikapu ambaye hakuwahi kufunga wa pointi tatu katika maisha yake ya chuo. Akatupa, ukagonga ubao ukaingia: 74 kwa 73. Watu wanaikumbuka hiyo. Lakini kesho yake, fainali dhidi ya LSU iliisha 79 kwa 72 baada ya vurugu iliyomtoa Cardoso mwenyewe uwanjani, na aliyefunga pointi 24 na kutajwa mchezaji bora wa mashindano alikuwa MiLaysia Fulwiley, msichana wa mwaka wa kwanza aliyeanza mechi akiwa amekaa benchi. Ndani ya siku tatu mfululizo, mchezaji wa sita na wa saba wana thamani kuliko nyota anayecheza dakika 38.

Na hata ngazi iliyopangwa vizuri ina mahali inapoishiwa akili. Mwaka 2025 South Carolina na Texas zilimaliza ligi sawa, ushindi 15 na kipigo 1 kila moja, na kila moja ilikuwa imemfunga mwenzake. Nani awe wa 1? Wakarusha sarafu. South Carolina wakashinda kura hiyo, kisha wakaifunga Texas fainali 64 kwa 45.

Kwa upande wetu wa Afrika, Madina Okot wa Kenya, aliyetoka Chuo Kikuu cha Zetech, aliingia katika ngazi hii na Mississippi State kabla ya kuhamia South Carolina. Mwadi Mabika wa kwetu Kongo hakuipitia kabisa: nchi yetu, ikiitwa Zaire, ilikuwa bingwa wa Afrika 1994 mjini Johannesburg, ikaenda Olimpiki ya Atlanta 1996, na mwaka uliofuata yeye akawa Los Angeles na timu ya kulipwa ya Sparks. Yake ilikuwa njia ya mashindano ya mara moja, watu wanakutana, wanagawanywa, wanacheza, wanarudi.

Hiyo ndiyo hali yetu Fizi, mashariki mwa Kongo. Ligi ya nyumbani na ugenini kati ya shule za Baraka na za milimani Bibokoboko haiwezekani; ni mwendo wa miguu kwenye miteremko, na mvua ikinyesha hata huo unakatika. Kwa hiyo mwandaaji ana siku tatu, kiwanja kimoja, na vikaratasi ndani ya kofia. Akitaka kuiga SEC kwa ekipe sita za wasichana, mbili zikapita bila kucheza hadi nusu fainali, mechi zitakuwa tano tu na kila kitu kitaisha kwa wakati. Tatizo ni hizo mbili. Bila ligi nyuma yake, kupita bila kucheza ni zawadi, na zawadi hupewa shule ya mwenye kiwanja au ya mwenye kutoa jezi.

Ningepanga hivi: ekipe mbili zilizotoka mbali zaidi ndizo zipite siku ya kwanza, kwa sababu miguu yao imeshacheza mechi njiani. Ziandikwe kabla ya kura, ratiba ibandikwe mlangoni pa shule watu waisome, na kura ipigwe kwa zile nne zilizobaki mbele ya makapteni wote.