Kambi ya Kwanza Iwe Karibu

Tulisimama Kigwa, chai ya asubuhi bado haijatulia tumboni. Watoto walishuka kujinyoosha, nami nikazunguka gari kujaribu kamba za keria. Mama yangu akashusha kioo: "Baba, ile dawa yangu ya kwenye friji mmeichukua?"

Hatukuichukua. Chupa mbili za insulini zilibaki Tabora nyuma ya jagi la maji, katika friji ambalo asubuhi ile nilikuwa nimelifungua mara tatu. Niliwaacha watoto na mama yao chini ya mwembe, nikageuza gari. Saa moja na robo baadaye tulikuwa barabarani tena kuelekea Manyoni. Mama angeuliza swali lile tukiwa Dodoma, siku nzima ingeharibika, pengine na afya yake.

Kituo kile hakikuwa cha bahati. Nilikipanga, na waliobuni utaratibu wake ni watu wa misafara waliopita njia hii hii kwa miguu karne ya 19, Wanyamwezi wakiwa mbele yao. Wao walijua jambo ambalo sisi wenye magari tumelisahau: siku ya kwanza ya safari ndefu ni siku ya kujipima. Mwendo huja baadaye.

Tazama mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alivyoondoka Bagamoyo. Alikuwa na watu 192, akawagawa makundi matano yanayoondoka kwa siku tofauti. Kundi la mwisho, lililokuwa lake, liliondoka tarehe 21 Machi 1871. Baada ya miezi ya kununua vitambaa, shanga, nyaya na punda, mtu angedhani siku hiyo watakata masafa. Walitembea saa moja na nusu, kilomita tano hivi, wakapiga kambi mahali palipoitwa Shamba Gonera. Mwenyewe aliuita mwendo huo safari ndogo.

Septemba mwaka huo huo aliondoka Kwihara, jirani na mji wa Tabora, kwenda Ujiji kumtafuta mmisionari Livingstone. Njia ya kawaida ilikuwa imefungwa na vita vya mtemi Mirambo, ikabidi azungukie kusini. Kambi ya kwanza ilikuwa karibu na Kwihara, na usiku ule wapagazi wake walirudi walikotoka kuwaaga tena wake na jamaa zao. Kulipokucha, baadhi hawakuonekana, ikabidi watumwe watu kuwafuata. Stanley alikasirika. Mimi nauona utaratibu wenyewe ukifanya kazi yake. Mpagazi ambaye moyo wake haujaondoka nyumbani atajulikana usiku wa kwanza, wakati kumrudisha au kumpata mwingine bado ni mwendo wa saa moja. Akitoroka porini baada ya wiki mbili, mzigo wake unabaki chini na hakuna wa kuuinua.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila kilichosahaulika nyumbani kina bei, na bei hiyo ni umbali mara mbili, kwenda na kurudi. Na mengi yaliyosahaulika hujitokeza saa za mwanzo, mara tu mwili na mzigo vinapoanza kusogea. Ukisimama mapema, unalipia makosa yako yakiwa bado rahisi.

Mzigo wenyewe ulikuwa fani. Kipimo cha kawaida kilikuwa frasila mbili kwa mtu, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Vitambaa vya merikani na kaniki vilikunjwa vikabanwa kwa nguvu kuwa mtumba, robota refu la mviringo. (Neno hilo ndilo tunalolitumia leo kwa nguo za sokoni.) Mtumba ulifungiwa vijiti pembeni, ncha zake zikichomoza chini, ili mpagazi anapopumzika ausimamishe mtini bila kitambaa kugusa ardhi yenye unyevu, kisha auweke begani bila kuinama sana. Nyaya zilining'inizwa kwenye ncha mbili za mti mmoja ili uzito ulingane. Lakini hata fundi hodari wa kufunga hawezi kuijua kamba yake mpaka itembee. Kambi ya karibu ndiyo iliyotoa nafasi ya kufungua na kufunga upya.

Gari halina tofauti. Kamba za keria hulegea baada ya kilomita chache, kwa sababu magunia hujishindilia. Gurudumu lililofunguliwa karibuni linataka nati zake zikazwe tena baada ya kilomita 50 hivi. Mwaka juzi sikufanya lolote kati ya hayo. Tuliondoka Tabora saa kumi alfajiri, tukikusudia kulala Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Tairi lilipasuka kati ya Nyahua na Chaya. Jeki ilikuwa chini ya madumu ya asali, madumu chini ya magunia ya mchele, na tairi la akiba halikuwa na upepo wa kutosha. Tulipanga mali yetu yote kando ya lami kama wachuuzi, jua likizidi kupanda na mtoto mdogo akilia kiu.

Mahali pale pana historia yake. Kati ya Unyamwezi na Ugogo palikuwa na nyika ndefu yenye maji haba, iliyoitwa Mgunda Mkali. Misafara iliivuka kwa tirikeza: watu walikula na kunywa mchana penye maji, wakajaza vibuyu, wakaondoka alasiri jua likianza kupoa. Walitembea hadi giza, wakalala bila maji, na asubuhi wakamalizia kipande kilichobaki. Nusu siku mbili zilizounganishwa kwa usiku mmoja mkavu ziliwavusha mahali ambapo mwendo wa kawaida wa asubuhi usingewafikisha. Ni ufundi wa hali ya juu kwa watu waliobeba kilo 32 begani.

Sasa angalia mpangilio. Aliyetoka Tabora kwenda pwani alipita Kigwa, kisha Rubuga, kisha Tura, ndipo akaukabili Mgunda Mkali. Alikuwa na siku kadhaa za vijiji na maji za kuzoesha mabega, kurekebisha mizigo na kumjua mgonjwa ni nani. Lami imeziondoa siku hizo. Leo gari linaingia katika pori lile lile ndani ya saa chache tu, na kamba za jana usiku, na matairi ambayo hakuna aliyeyagusa. Kwa maoni yangu barabara imefupisha maandalizi kuliko ilivyofupisha hatari.

Siwasifu wenye misafara kwa kila kitu. Njia hii ilipitisha pia watumwa, ambao hawakupewa usiku wa kurudi kuaga mtu. Ninachokichukua ni maarifa ya wapagazi walioajiriwa kwa ujira, watu waliosafiri kiangazi na kurudi kulima mvua zinapokaribia, na ambao majina yao mengi hayakuandikwa na yeyote.

Safari hii, basi, tuliondoka saa tatu asubuhi bila pupa. Jeki na kifaa cha kupimia upepo vilikaa mlangoni, madumu sakafuni, vyepesi juu. Kigwa nilikaza kamba mbili zilizolegea. Insulini, ilipopatikana, tuliifunga kwa taulo kabla ya kuiweka katika sanduku la barafu, kwani ikigusana na barafu yenyewe ikaganda, imeharibika. Tukalala Manyoni, kilomita 260 hivi kutoka nyumbani.

Nawe unayepakia gari leo kwa safari ndefu na familia, usiulize kwanza mtalala wapi. Chagua kwanza mahali pa kusimama ndani ya saa ya kwanza, zima injini, washushe wote, na umwulize kila mmoja amesahau nini. Anza na mzee.