Mtaji wa Kwanza Hufuata Gunia la Chakula

Mwekezaji aliyezoea programu za mikopo ya simu au za kuitia teksi huiona ndogo kampuni inayowaundia programu wafugaji wa samaki wa Ziwa Victoria, hata kabla haijamweleza shida inayoitatua. Wateja wake wametawanyika ufuoni, kutoka Port Victoria na Usenge hadi Homa Bay na Muhuru Bay, na kinachowanyima usingizi ni kimoja: ngege aliye kizimbani afike uzito wa kuuzwa kabla pesa za chakula hazijakwisha.

Hata hivyo Kisumu imetoa kampuni iliyopata mtaji kwa kazi hiyo hiyo. Aquarech, ambayo mwanzilishi wake ni Dave Okech, mtu aliyefuga samaki na kuzalisha vifaranga kabla ya kuingia katika teknolojia, inawaunganisha wafugaji na chakula bora, inawashauri kuhusu ulishaji kwa kuangalia hali ya maji, kisha inawatafutia wanunuzi. Kufikia 2023 ilikuwa imetangaza kupata mtaji wa dola milioni 1.7. Vijana wengi wa kanda hii wanaandika programu nzuri na kukosa mwekezaji, kwa hiyo inafaa kuchambua kwa nini muundo wa namna hii huvuta pesa pale ambapo programu tupu hukwama.

Hesabu ya soko dogo

Utafiti wa mwaka 2017 ulihesabu vizimba zaidi ya 3,600 katika kaunti tano za Kenya zinazopakana na ziwa, yaani Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori. Zaidi ya asilimia 80 vilikuwa Siaya. Idadi imeendelea kubadilika, lakini tuichukue hiyo kama kipimo.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Kizimba cha mita mbili kwa mbili kwa mbili kina samaki 2,000. Baada ya miezi minane hivi kila samaki ana gramu 400, kwa hiyo mavuno ni kilo 800. Kama kila kilo ya samaki imekula kilo moja na nusu ya chakula, kizimba kimoja kimemeza kilo 1,200. Kwa bei ya shilingi 150 kwa kilo, mfugaji ametumia shilingi 180,000 kwa chakula peke yake. Wanaoijua kazi hii hawatashangaa, maana chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama zote za ufugaji.

Kampuni inayotoza ada ya programu, tuseme shilingi 300 kwa mwezi kwa kila kizimba, itapata shilingi 2,400 kwa msimu mzima. Hata ikivipata vizimba vyote 3,600, jambo lisilowezekana, mapato hayafiki shilingi milioni 9. Kampuni inayopitisha chakula mikononi mwake na kubaki na faida ya asilimia tano tu inapata shilingi 9,000 kwa kizimba hicho hicho. Vizimba vyote vingeipa zaidi ya milioni 32, na thamani ya chakula kinachopita ingekaribia milioni 650.

Wateja ni wale wale na ziwa ni lile lile, ila sasa mwekezaji anaona mto wa pesa badala ya ada ndogo ndogo. Hapo ndipo programu ya watu wachache inapoanza kuwa biashara. Anayetafuta mtaji aanze kwa kujiuliza ni gharama gani kubwa ambayo wateja wake wanailipa tayari, kisha aipeleke programu yake ikakae hapo.

Nani tayari ana pesa majini?

Waanzilishi wengi hupeleka maombi yao kwa mifuko mikubwa ya Nairobi na ya ng'ambo, wakitumia orodha ile ile anayoitumia kila mtu. Mfuko wa jumla utauliza maswali ya jumla: soko lina watu milioni ngapi, na mtaingia nchi ngapi kufikia mwaka ujao? Kwa maswali hayo biashara ya vizimba haina majibu mazuri.

Mwekezaji anayeifaa ni yule ambaye pesa zake au ujuzi wake viko majini tayari. Yuko wa aina tatu. Wa kwanza ni mtengenezaji au msambazaji wa chakula cha samaki, anayetaka kujua magunia yake yanaliwa wapi na kwa nini mteja wa mwaka jana hakurudi. Wa pili ni mnunuzi mkubwa wa samaki, anayehitaji uhakika wa tani kila wiki. Wa tatu ni mfuko uliojifunga na sekta hiyo. Aqua-Spark ya Uholanzi, kwa mfano, ilianzishwa 2013 na huwekeza katika ufugaji wa viumbe wa majini pekee. Mfuko kama huo hauhitaji kuelezwa kwamba chakula ni ghali. Unataka kujua kampuni yako imekipunguza kwa kiasi gani.

Kuna wa nne anayesahaulika: wenyeji wenye mitaji midogo, yaani madaktari, walimu na wafanyabiashara wa Kisumu ambao wamekwisha kuweka vizimba vyao wenyewe Dunga au Ogal. Hao ni wateja na wawekezaji kwa wakati mmoja. Shilingi zao chache zina uzito kuliko hesabu yake inavyoonyesha, kwa sababu mgeni akiuliza ni nani anayeiamini kampuni hii, jibu lina majina ya watu waliopata hasara na faida ziwani.

Ruzuku: daraja lenye mwisho

Pesa za kwanza za programu nyingi Afrika Mashariki hazikuwa za hisa. M-Pesa yenyewe, iliyojaribiwa 2005 na kuzinduliwa Machi 2007, ilisaidiwa na ruzuku ya kushindania ya serikali ya Uingereza iliyokaribia pauni milioni moja, nayo Vodafone ikaongeza kiasi kama hicho. M-Farm, iliyoundwa na wanawake watatu Wakenya ili kuwapa wakulima bei za soko kwa simu, ilianza na zawadi ya euro 10,000 ya shindano la mwaka 2010.

Ufuoni pia mbegu hiyo imewahi kupandwa. Mwaka 2009 taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ilianzisha mfumo wa kutoa bei za samaki kwa ujumbe mfupi wa simu, ikisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani. Ulionyesha kwamba simu ya kawaida inaweza kupeleka bei ya mwalo mmoja hadi mwalo mwingine bila kumsubiri dalali.

Kila ruzuku inanunua ushahidi, na ushahidi huo una tarehe ya kuisha. Ruzuku ikitumika kulipa mishahara ya kujenga programu kubwa zaidi, siku inapokwisha kampuni inabaki na programu. Ikitumika kupima jambo moja ambalo mwekezaji atalitaka, mathalani kilo za chakula kwa kila kilo ya samaki kabla na baada ya huduma, kampuni inabaki na hoja. Anayeomba ruzuku aandike kwanza sentensi atakayomwambia mwekezaji ruzuku itakapokwisha, ndipo ajaze fomu.

Hisa zisinunue magunia

Kupitisha chakula mikononi kunaleta tatizo jipya. Chakula lazima kinunuliwe kabla hakijauzwa, na mfugaji hupenda kulipa baada ya kuvuna. Pesa zinalala majini miezi minane.

Hapa kampuni changa nyingi hupotea. Zinauza hisa, kisha zinatumia pesa za hisa kujaza ghala. Pesa za hisa ndizo ghali kuliko zote, maana mwenye hisa anadai sehemu ya kila utakachokuwa nacho. Gunia linaloleta faida ya asilimia tano haliwezi kulipia pesa za namna hiyo. Pesa za hisa zijenge kile ambacho benki haikopeshi: programu, vipimo vya maji, na watu wa kumtembelea mfugaji kizimbani. Ghala ligharamiwe kwa mkopo wa muda mfupi au kwa mali kauli ya msambazaji. Mwekezaji wa awali akiona mambo haya mawili yametengwa katika bajeti, anajua anaongea na mtu anayeielewa biashara yake.

Atauliza pia kuhusu hatari. Mwishoni mwa 2022 samaki wengi walikufa vizimbani upande wa Kisumu kutokana na upungufu wa oksijeni majini. Kampuni iliyowakopesha chakula wafugaji wa ghuba moja ingeweza kupoteza kila kitu kwa siku chache. Kwa hiyo mwanzilishi aje na jibu mkononi: wadeni wangu wako katika mialo mingapi, nani amekata bima, na kipimo changu kinatoa onyo saa ngapi kabla?

Daftari linalosomeka

Kila mfuko utakaosikia habari za programu ya chakula cha samaki sasa utaikumbuka eFishery ya Indonesia. Ilianzishwa 2013 na mfugaji wa kambare, ikaanza na mashine ya kulisha samaki, kisha ikaingia katika kuuza chakula na kukopesha. Aqua-Spark iliiwekea mtaji mapema, na mwaka 2023 thamani yake ilipita dola bilioni moja. Kisha ripoti ya uchunguzi iliyojulikana Januari 2025 ikadai kwamba mapato ya miezi tisa ya kwanza ya 2024 yalikuwa yameongezwa kwa karibu dola milioni 600.

Madai hayo yamewaachia waanzilishi wa Kisumu mzigo usio wao. Njia ya kuutua ni kufungua daftari. Mfugaji akilipa kwa M-Pesa, malipo yana kumbukumbu ambayo mtu wa nje anaweza kuihakiki. Gunia likitoka ghalani, liwe na sahihi ya aliyelipokea. Wafugaji arobaini walionunua msimu wa kwanza, wakarudi wa pili na wa tatu, wanashinda majina elfu tano yaliyosajiliwa ambayo hayajawahi kulipa hata shilingi.

Daftari la namna hiyo linasaidia pia kusawazisha upendeleo. Ripoti ya Village Capital ya 2017 ilionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya mtaji uliotangazwa katika kampuni changa za huduma za fedha Afrika Mashariki mwaka 2015 na 2016 ulikwenda kwa kampuni zenye waanzilishi kutoka Ulaya au Amerika Kaskazini. Mwanzilishi wa Kisumu hana shule ya pamoja wala rafiki wa pamoja na mtoa mtaji. Lakini anaweza kuwa na ushahidi ambao mwenzake wa Nairobi au London hawezi kuutengeneza akiwa mbali na maji.

Mpangilio wa kubisha hodi

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Wabishie hodi kwanza wafugaji kumi watakaolipa, hata kidogo. Kisha msambazaji wa chakula, umwombe mali kauli kwa kutumia rekodi za hao kumi. Kisha ruzuku ya kupima jambo moja. Kisha wenyeji wenye vizimba, kwa mkopo utakaogeuka kuwa hisa, bei ya hisa hizo itakapojulikana. Mfuko wa sekta uje wa tano, na uje Kisumu kuona. Ukianza na huyo wa tano, utaulizwa habari za hao wanne na hutakuwa na la kujibu.

Mpangilio huu ni wa polepole, nao utawachuja wengi. Anayebaki hupata mwekezaji anayejua kwamba samaki hukua kwa miezi minane, na hatampigia simu mwezi wa tatu kudai mavuno. Kwa kampuni yenye wateja wachache, subira hiyo ina thamani kuliko sufuri ya ziada kwenye hundi.