Istilahi zimkute fundi karakanani

Juma lililopita nilikuwa Kiganjo, Nyeri, fundi akibadilisha vali inayoinua ndoo ya mbele ya trekta langu kuukuu. Kikaratasi kilichokuja na vali kilikuwa cha Kiingereza kitupu.

“Mwalimu, mpira wa kutoka kwa pampu unaingia wapi? Na wa kurudisha oili kwa tangi ni upi?”

Swali zito hilo. Mpira wa pampu ukifungwa kwenye tundu la kutokea, oili inaweza kukosa njia na ile vali ndogo ya kupunguza shinikizo isisaidie, kitu kitapasuka.

Nimeketi vikao vingi vya istilahi tukibishania “haidroliki”. Kumbe fundi ana “kupeleka” na “kurudisha”, maneno yanayoonyesha oili inakokwenda! Kosa letu wasomi ni kubuni majina na kusahau maelekezo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa. Basi wauzaji wa vipuri waeleze kwa Kiswahili, nasi wasomi twende karakanani tukaulize. Kuuliza si ujinga.