Kutoka Tasnifu hadi Kichujio: Utafiti wa Maji Kandokando ya Mlima Meru

Maji ya chemchemi nyingi zilizo kwenye miteremko ya Mlima Meru ni maangavu na baridi, lakini yamebeba floraidi, madini ambayo kwa kiasi kidogo huimarisha meno, na yanapozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambayo ni kikomo cha Shirika la Afya Duniani, huyatia meno ya watoto madoa ya kahawia na, baada ya miaka mingi, hukakamaza viungo. Chanzo chake ni miamba ya volkano yenye sodiamu nyingi na kalisiamu haba: kalisiamu ingetosha, ingeshikamana na floraidi na kuituamisha kama mashapo, lakini kwa kuwa haitoshi, floraidi hubaki imeyeyuka hadi kwenye ndoo ya mtumiaji. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji hupungua kwa mvuke huku floraidi ikibaki sufuriani.

Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali wilayani Karatu ambaye amefundisha katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela mkoani Arusha, alisomea shahada ya uzamivu nchini Korea Kusini katika nanoteknolojia, yaani elimu ya kuunda na kutumia chembe zinazopimwa kwa nanomita, ambayo ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Elimu hiyo aliileta nyumbani na kuiunganisha na mbinu kongwe ya kuchuja maji kwa mchanga. Mchanga huzuia tope na vijidudu, na juu yake hujengeka utando hai ambao nao hula vimelea. Hata hivyo, floraidi iliyoyeyuka hupenya humo bila kizuizi, na hapo ndipo chembe za nano hufanya kazi, kwa kuwa udogo wake huzipa eneo kubwa mno la kunasia.

Sifa kuu ya kazi hii, ambayo inastahili kuangaliwa kuliko hata tuzo ya uhandisi ya Afrika ambayo Hilonga alipewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza mwaka 2015, ni kwamba kipimo hutangulia kifaa: maji ya mahali husika hupimwa kwanza, kisha chembe huchaguliwa kulingana na uchafu uliomo, iwe floraidi, metali nzito au mabaki ya dawa za mashambani. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochunguzwa kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, nao hunasa floraidi vizuri, ila baadhi ya kaya husita kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa. Njia zote mbili zina ukomo mmoja, kwamba kinachonasa hujaa na kulazimika kubadilishwa, na macho hayawezi kutambua siku hiyo imefika; ndiyo maana kichujio kinachohudumia watu wengi kwenye kituo cha kuuzia maji, chini ya msimamizi anayepima mara kwa mara, huaminika kuliko kile kilichoachwa jikoni bila kipimo.