Mtu Aliyeshindana na Mtambo

Wako watu wasemao ya kuwa muziki ukishatungwa umekwisha, na ye yote aukataye vipande na kuuunga upya ni mwizi au mharibifu. Usemi huo haufai kukubaliwa upesi. Washairi wetu wa pwani walijua tangu zamani kuwa utungo wa mtu waweza kupokewa na mwingine bila ya kudhulumiwa. Sayyid Abdallah bin Nasir alitwaa mistari inayonasibishwa na Fumo Liyongo, akaitangulizia yake, kila ubeti ukawa na mistari mitano. Kazi hiyo ni takhmisi, na sharti lake ni gumu: maneno ya kale hubaki, vina vya mgeni hufuata vya mwenyeji, na ubeti mzima hauna budi kutupa kitu ambacho mistari ya kale peke yake haikutupa.

Kwa kipimo hicho nataka kupima santuri moja ya Marekani. Bendi ya Fear Factory, ya mji wa Los Angeles, hupiga metali, yaani muziki wa magitaa ya umeme yaliyokazwa hata yakakwaruza, ngoma nzito, na mwimbaji ambaye aghalabu hunguruma. Katika mwaka wa 1995 bendi hiyo ilitoa santuri iitwayo Demanufacture. Habari yake ni mtu aliyezungukwa na mitambo inayotaka kumtawala. Wimbo mmoja, H-K, umepewa jina la mitambo ya kuwinda watu katika sinema ya The Terminator ya mwaka wa 1984.

Lakini habari hiyo haimo katika maneno tu. Imo katika miguu ya mpiga ngoma. Raymond Herrera hukanyaga ngoma kubwa kwa miguu yote miwili, na gitaa la Dino Cazares humfuata pigo kwa pigo, likinyamaza pale pale mguu unaponyamaza. Msikilizaji asiyejua hudhani kuwa hiyo ni mashine. Sivyo, ni mtu mwenye pumzi na jasho, naye anajilazimisha kuwa sawa na chuma. Juu ya ngoma hizo Burton C. Bell huja na sauti mbili katika koo moja: ya kwanza hunguruma kama iliyokwisha kutekwa, ya pili huimba wazi wazi kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya ukuta. Sijui katika muziki wa namna hiyo mahali pengine ambapo maana na namna ya kupiga zimeoana vizuri zaidi.

Mwaka wa 1997 nyimbo hizo zilitolewa upya kwa jina la Remanufacture. Safari hii zilikuwa zimepitia mikononi mwa mafundi wa muziki wa mitambo: Rhys Fulber wa Kanada, na Waholanzi Junkie XL na DJ Dano miongoni mwao. Kazi hiyo huitwa rimiksi. Fundi hupewa sauti zilizorekodiwa, kila moja mbali na mwenzake, akaondoa asizozitaka na kutia zake. (Mafundi wa Jamaika, kama King Tubby wa Kingston, walikuwa wakiifanya tangu miaka ya 1970, wala hawakuwa na vyombo vya fahari.) Fulber hakuwa mgeni nyumbani humo. Yeye na mwenzake Bill Leeb walikwisha kuzirudia nyimbo za bendi hii mwaka wa 1993, na katika Demanufacture yenyewe ndiye aliyepiga vinanda vya umeme.

Hapa ndipo penye kesi. Wimbo wa mtu anayeikimbia mitambo umekabidhiwa mitambo. Wengi walioisifu santuri hii wamesema kuwa hilo ndilo jambo la busara, kwamba hadithi imefika mwisho wake wa haki: mashine imeshinda. Mimi siafiki. Palipoondolewa miguu ya Herrera na kuwekwa ngoma za mashine, kitu kimoja kikubwa kimepotea. Mashine haichoki, kwa hiyo kutochoka kwake si habari. Kasi iliyotutia hofu mwaka wa 1995, kwa kuwa tulijua kuna mwili unaoilipia, sasa ni kasi tu. Vipande vilivyokwenda mbali zaidi katika dansi ya Kiholanzi, vyenye mapigo ya haraka yasiyo na kituo, vyafaa kuchezwa usiku, wala sivilaumu kwa hilo. Lakini takhmisi si hiyo. Mgeni amekula chakula chote na mwenyeji amelala njaa.

Cloning Technology ni jambo jingine. Wimbo huo umetoka katika Replica, neno lenye maana ya nakala, na sasa wenyewe umekuwa nakala ya nakala. Sauti ya Bell imeachwa iimbe. Katika asili ilipaswa kugombana na magitaa ili isikike. Hapa magitaa yamesogezwa nyuma, nayo imebaki peke yake katikati ya milio ya umeme isiyomjali mtu. Upweke huo haukusikika vile hapo kwanza. Nikirudi kuisikiliza Replica naisikia tofauti, na ndivyo takhmisi njema inavyoufanyia utungo wa kale.

Vijana wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, walipotoa santuri yao Duma mwaka wa 2020 kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala, hawakungoja mtu wa kuwarudia. Ngoma zao ni za mashine tangu mwanzo, na gitaa na mayowe yamo humo humo. Miguu ya kuondolewa haikuwapo; pumzi ya mwimbaji ndiyo pekee inayochoka, na kila ukelele unasikika ukiikaribia hatua hiyo.