Papa wa Bahari, Papa wa Roma: Tahadhari kuhusu Vitawe

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu soma sentensi hii kwa sauti: Papa amefika Mombasa. Mvuvi wa Kisauni atauliza ana uzito gani. Muumini wa Kikatoliki atauliza misa itakuwa wapi. Upatanisho wa kisarufi hautusaidii kwani wote wawili wamo katika ngeli ya A-WA, na herufi kubwa haitusaidii kwa kuwa neno limeanza sentensi. Tungoje wingi: tutasema papa wawili wamevuliwa, lakini Mapapa wawili wametawazwa.

Aghalabu vitabu vya mwongozo hukomea hapa. Papa ni kitawe, maana ya kwanza samaki, maana ya pili kiongozi wa Kanisa, alama mbili. Nailalamikia njia hii ya mkato. Humfanya mtahiniwa aamini kuwa maana zote za neno zilipikwa katika chungu kimoja, naye akiulizwa afafanue uhusiano wake huanza kubuni.

Tuanze na Papa wa Roma. Cheo hiki ni neno la Kilatini lililotokana na Kigiriki pappas, jina la mtoto kumwitia babake. Mfaransa naye humwita babake papa, na kupitia Kifaransa jina hilo likazoeleka Kongo kama la heshima. Ndivyo tulivyomjua mwanamuziki Papa Wemba, aliyefariki mwaka 2016. Maana hizi ni ndugu wa damu. Samaki wa pwani yetu hayumo katika ukoo huo, sawa na kitenzi papa, yaani moyo kudunda kwa kasi, au papa hapa tunayosisitizia mahali.

Kiazi nacho hakimo. Ndiyo, kiazi! Katika Kiquechua, lugha ya milima ya Andes, papa ni kile tunachokiita kiazi mbatata, na Wahispania walilichukua neno hilo katika karne ya 16. Papa Francis, aliyezuru Kenya Novemba 2015, alizaliwa Ajentina. Katika Kihispania cha kwao, el papa alikuwa yeye mwenyewe hadi mwaka 2025, la papa ni kiazi, na papá, kwa mkazo wa silabi ya mwisho, ni baba mzazi. Tazama jinsi jinsia ya nomino inavyofanya kazi ambayo kwetu tungeitarajia kwa ngeli. Huko Uhispania kwenyewe wengi husema patata, neno linaloaminika kuzaliwa papa ilipochanganyika na batata, jina la kiazi kitamu lililotoka visiwa vya Karibi. Batata hiyo hiyo, iliyosambazwa na Wareno, ndiyo asili ya mbatata yetu. Kwa Wamaori wa New Zealand, papa ni ardhi.

Mbona basi mfanano wote huu? Mwanaisimu Roman Jakobson alilijadili suala hili katika makala yake kuhusu mama na papa, iliyochapishwa mwaka 1960. Sauti za midomo kama p, b na m ni miongoni mwa zile ambazo mtoto huzitamka mapema, naye hupenda kurudia silabi. Wazazi hujitwalia majina papo hapo. Hivyo baba yetu na papa ya Wafaransa zinaweza kufanana bila lugha hizi kuwa na nasaba. Pale ambapo mtoto hahusiki, silabi fupi zenye konsonanti chache hukutana kwa sadfa tu.

Katika fasihi jambo hili lina uzito zaidi kuliko katika swali la vitawe. Magazeti na watunzi wetu huwaita mafisadi wakubwa papa, na wezi wadogo dagaa. Mtahiniwa anayeeleza kwamba papa ni baba, kwa hiyo mtu mkubwa, ameipoteza jazanda yenyewe. Nguvu yake imo baharini: meno, ulafi, na wavu wa dagaa usioweza kumzuia mwenye meno hayo. Hapo hapo, anayetaka kuilinganisha na anwani ya riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012), ajihadhari. Anwani hiyo imejengwa juu ya msemo kuhusu mtu aliyeharibikiwa na mambo, wala si juu ya ugomvi wa dagaa na papa.

Mwalimu wa bara, ambaye wanafunzi wake hawajamwona papa ila kwenye picha, awaeleze pia kuhusu ng'onda, yule papa aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani hadi akakauka. Msomaji wa Lamu anapokutana na papa katika shairi la kisiasa humwona akiogelea, na pia humwona akining'inia sokoni.